Wycliffe: Kwao ni adimu, kwetu ni tele

Jumapili hii tunaendelea na mazungumzo yetu juu ya majina tunayowapa watoto, na zamu ni ya jina ambalo karibu kila Mkenya amelisikia, lakini ni wachache walioketi wakajiuliza limetoka wapi. Jina lenyewe ni Wycliffe.

Ingia katika shule yoyote ya msingi kule Vihiga, Kakamega au Bungoma, usimame uwanjani uite, "Wycliffe!" Usishangae wakigeuka wavulana watatu au wanne kwa pamoja, na mwalimu wao akiwa wa tano. Sasa panda ndege uende hadi London, usimame katika uwanja wa shule ya huko, uite jina lilo hilo. Watoto watatazamana. Huko watakuitikia akina Oliver, akina George na akina Muhammad. Wycliffe watalijua, kama watalijua, kuwa ni jina la ukoo, au jina la shule, au jina la yule mpelelezi wa mchezo wa televisheni ulioonyeshwa huko kuanzia mwaka 1993 hadi 1998.

Hiki ni kitendawili. Ni jina la Kiingereza, tena Kiingereza hasa, si Kiebrania kama Yohana wala Kigiriki kama Petro. Lakini Waingereza wenyewe hawawapi watoto wao ila kwa nadra sana, ilhali sisi wa huku, maelfu ya maili kutoka huko, tumelifanya jina la nyumbani. Imekuwaje?

Tena kuna jambo la pili. Kila yanapotajwa majina ya kizungu, wasomaji hugawanyika kambi mbili. Kambi moja husema, "Haya ni mabaki ya ukoloni, tuyatupe!" Kambi nyingine hujibu, "Hilo ndilo jina la marehemu babangu, nani atanifundisha kulitupa?" Naomba kambi zote mbili zivumilie kidogo, kwa sababu jina hili la Wycliffe lina kisa ambacho huenda kikawashangaza wote.

JABALI LA MTONI

Tuanze na maana. Wycliffe halikuanza kama jina la mtu, bali lilianza kama jina la mahali. Kaskazini mwa Uingereza kuna mto uitwao Tees, na kando ya mto huo kuna kijiji kidogo kiitwacho Wycliffe. Zamani kilihesabiwa kuwa sehemu ya Yorkshire, lakini tangu mipaka ilipobadilishwa mwaka 1974 kimo katika eneo la Durham. Ni kijiji cha kale, nacho kimetajwa katika kile kitabu kikubwa cha kuorodhesha mali ya ufalme, kilichoandikwa kwa amri ya Mfalme William mwaka 1086.

Sehemu ya mwisho ya jina, yaani "cliffe", ni mwamba au ukingo wa mto uliosimama wima. Juu ya sehemu ya kwanza wataalamu hawajaafikiana. Wapo wanaosema maana yake ni "nyeupe", na hivyo jina zima ni Jabali Jeupe. Wapo pia wanaosema ni "pindo", yaani mahali mto unapokata kona, na hivyo ni Jabali la Kwenye Kona ya Mto. Kwa vyovyote vile, ni jina la aina tunayoijua sana. Sisi nasi tuna Kilimambogo, na tuna Maji ya Chumvi. Mtu huona mahali palivyo, akapaita hivyo.

Ilikuwa desturi ya Waingereza wa siku hizo kumwita mtu kwa jina la mahali alikotoka, hasa akiwa amehama. Huyu ni John, lakini akina John ni wengi mno. John yupi? John wa Wycliffe. Polepole lile neno "wa" likaachwa, na jina la kijiji likawa jina la ukoo. Ni mmoja tu katika ukoo huo aliyelifanya jina hilo livuke bahari, nasi hatuwezi kulieleza jina bila ya kumweleza yeye.

JOHN NA LUGHA YA WASHAMBA

John Wycliffe alizaliwa yapata mwaka 1330. Alisomea chuo kikuu cha Oxford, akawa mwalimu huko, akaongoza kwa muda chuo cha Balliol, na mwaka 1372 akapata shahada ya udaktari wa theolojia. Miaka miwili baadaye alipewa parokia ya Lutterworth, mji mdogo wa katikati ya Uingereza, akawa padri wa huko hadi kufa kwake. Kumbuka kwamba wakati huo hapakuwa na Waprotestanti. Kanisa la Ulaya Magharibi lilikuwa moja, na mkuu wake alikuwa Papa.

Ili uelewe vita alivyopigana mtu huyu, msomaji wangu, ni lazima kwanza uelewe hali ya lugha katika Uingereza ya zamani zile. Leo sisi tunakiona Kiingereza kama lugha ya wakubwa, lugha ya ofisi na mahakama. Wakati wa Wycliffe mambo yalikuwa kinyume. Tangu Wanormani walipoiteka nchi mwaka 1066, mabwana wakubwa walizungumza Kifaransa. Kanisani na chuoni ilitawala lugha ya Kilatini. Kiingereza kilikuwa lugha ya wakulima, wapishi, wachungaji wa kondoo na akina yaya. Ni mwaka 1362 tu ndipo ilipopitishwa sheria ya kuruhusu kesi zijadiliwe mahakamani kwa Kiingereza, kwa sababu watu walikuwa wakishtakiwa na kuhukumiwa katika lugha wasiyoielewa hata neno moja.

Lo! Kumbe hata Mwingereza aliwahi kuonewa haya kwa kuzungumza Kiingereza! Alitazamwa kama vile baadhi yetu wanavyomtazama leo mtu anayezungumza Kitiriki au Kidigo ndani ya benki.

Wycliffe alifundisha mambo mengi yaliyowaudhi wakubwa wa kanisa. Aliushambulia utajiri wa makasisi na maaskofu. Alibishana nao juu ya meza ya Bwana. Lakini lililo muhimu kwetu leo ni moja. Alisema kwamba Biblia ndiyo msingi wa imani, na ikiwa ndiyo msingi, basi haifai kufungiwa katika lugha ambayo mkulima haijui. Mkulima naye ana haki ya kuisikia kwa lugha anayoitumia anapozungumza na mkewe jikoni.

Wakubwa hawakukubali. Mwaka 1377 Papa Gregory wa 11 alitoa barua za kuyalaani mafundisho yake. Mwezi wa Mei mwaka 1382 baraza la kanisa lilikutana mjini London, likayapiga marufuku mafundisho 24 yaliyosemekana kuwa yake. Kwa bahati, siku za baraza hilo ardhi ilitetemeka. Maadui zake wakasema, "Mnaona? Ardhi inautapika uzushi wake!" Wafuasi wake wakajibu, "Hapana, Mungu amelikasirikia baraza lenu!" Watu ni wale wale, miaka yote.

Aliyemwokoa asifungwe wala kuuawa ni mwana wa mfalme, John wa Gaunt, aliyekuwa mtu mwenye nguvu sana katika nchi. Wycliffe aliondoka Oxford, akarudi parokiani kwake Lutterworth, na huko akaendelea kuandika.

Wakati huo ndipo Biblia nzima ilipotafsiriwa kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza, kutoka kwa Kilatini. Wanahistoria hubishana ni sehemu gani aliyoitafsiri kwa mkono wake mwenyewe na ni ipi iliyofanywa na wanafunzi wake, mmoja wao akiwa Nicholas wa Hereford. Lakini wazo lilikuwa lake. Na usisahau kwamba mashine ya kupiga chapa ilikuwa bado kufika Ulaya. Kila nakala iliandikwa kwa kalamu, ukurasa baada ya ukurasa. Hata hivyo, nakala hizo zilienea sana, na hadi leo zimesalia takriban 250 katika maktaba mbalimbali.

MIFUPA ILIYOCHOMWA

Tarehe 28 Desemba 1384 Wycliffe alipatwa na kiharusi akiwa kanisani. Alifariki siku tatu baadaye, tarehe 31, akazikwa pale pale Lutterworth. Ungedhani mambo yangeishia hapo, kwa kuwa kifo hakina kinga. Lakini kwake yeye kifo chenyewe hakikuwa mwisho wa mashtaka.

Mwaka 1401 ilipitishwa sheria ya kuwachoma moto wazushi, nayo iliwalenga hasa wafuasi wake. Mwaka 1409 Askofu Mkuu wa Canterbury alipiga marufuku kutafsiri Maandiko kwa Kiingereza bila ya kibali, na hata kuzisoma tafsiri za Wycliffe. Hebu fikiria, kusoma kitabu katika lugha ya mama yako lilikuwa kosa!

Kisha mwaka 1415 likakutana baraza kubwa la kanisa huko Constance, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baraza hilo lilimhukumu Wycliffe kuwa mzushi, ingawa alikuwa amefariki miaka 30 iliyopita, likaamuru mifupa yake ifukuliwe. Mwaka huo huo baraza lilo hilo lilimchoma moto akiwa hai mhubiri Jan Hus wa Bohemia, aliyekuwa ameyasoma maandishi ya Wycliffe na kuyafuata. Amri ya mifupa ilichelewa, lakini mwaka 1428 ikatekelezwa. Kaburi lilifunguliwa, mifupa ikatolewa na kuchomwa, na majivu yakatupwa katika kijito kiitwacho Swift kinachopita karibu na mji.

Waliofanya hivyo walitaka jina la Wycliffe lisahaulike kabisa. Lakini kijito cha Swift huingia katika mto Avon, Avon huingia katika mto Severn, na Severn huingia baharini. Waprotestanti wa baadaye walipenda sana kuutaja mfano huo, kwamba majivu yalifuata maji mpaka yakafika pande zote za dunia, na mafundisho yake vivyo hivyo. Msomaji ambaye jina lake ni Wycliffe, na ambaye nyumba yao iko karibu na mto Yala au Nzoia, anaweza kuamua mwenyewe kama mfano huo una ukweli.

KUTOKA UKOO HADI JINA LA KWANZA

Sasa utauliza, kama Wycliffe ni jina la ukoo, limekujaje kuwa jina la kwanza?

Waingereza wana mtindo wa kuligeuza jina la ukoo la mtu maarufu likawa jina la mtoto. Nasi hatuna haja ya kuwacheka, kwani hapa petu wako akina Kennedy na akina Clinton wengi waliozaliwa mwaka ambao majina hayo yalikuwa redioni. Waprotestanti wa Uingereza na Marekani, hasa wale wa madhehebu yasiyokuwa ya kanisa la serikali, walifanya hivyo kwa mashujaa wao wa imani. Ndiyo sababu tuna Luther, tuna Calvin, tuna Wesley. Na ndiyo sababu tuna Wycliffe.

Lakini kati ya majina hayo, Wycliffe ndilo ambalo huko kwao halikushika sana. Mara nyingi lilifichwa katikati, kama kwa mchoraji wa picha wa Canada aliyezaliwa mwaka 1850, John Wycliffe Lowes Forster. Huko Marekani lilitumika zaidi kwa tahajia ya Wickliffe, na huko nako wengine walilipata kwa sababu ya undugu na ukoo wa Wickliffe wa jimbo la Kentucky, si kwa sababu ya mwalimu wa Oxford. Badala ya kuwapa watoto, Waingereza na ndugu zao walizipa shule. Mwaka 1877 zilianzishwa Wycliffe Hall huko Oxford na Wycliffe College huko Toronto, na mwaka 1882 ikafuata shule nyingine ya Wycliffe College katika Gloucestershire.

Jina lilipata uhai mpya mahali pengine kabisa, miongoni mwa watu weusi waliopata imani na elimu kutoka kwa wamishonari. Huko Jamaika alikuwapo mwanamuziki mashuhuri Wycliffe Johnson, aliyejulikana zaidi kama Steely, aliyefariki mwaka 2009. Huko Haiti, mwaka 1969, mhubiri mmoja alipata mtoto wa kiume akampa jina hilo kwa heshima ya mtafsiri wa Biblia, akaliandika Wyclef. Mtoto huyo ndiye Wyclef Jean wa kundi la Fugees, ambalo nyimbo zake zilitikisa matatu zetu mwaka 1996. Vijana wengi walidhani jina hilo ni la kubuni, la kisanii. Kumbe ni la yule yule padri wa Lutterworth!

LILIVYOFIKA KWETU

Magharibi ya Kenya ilifikiwa na wamishonari wa Kiprotestanti wa kila aina. Marafiki, yaani Quaker, walianzisha kituo chao Kaimosi mwaka 1902. Waanglikana walifika Maseno mwaka 1906. Kanisa la Mungu lilishika Kima, na Wapentekoste wakaja baadaye wakakaa Nyang'ori. Kwa Mwafrika wa wakati huo, kuingia shule na kuingia kanisa lilikuwa jambo moja, na ishara yake ilikuwa jina jipya. Hata Marafiki, ambao hawabatizi kwa maji, waumini wao wa kwanza walikuwa akina Yohana Amugune, Daudi Lung'aho na Joel Litu.

Majina ya kwanza yalitoka katika Biblia. Kizazi kilichofuata, kilichokuwa kimesoma historia shuleni, kikaongeza mashujaa. Ndipo walipozaliwa akina Livingstone, akina Wilberforce, akina Wesley na akina Wycliffe. Wakatoliki kwa upande wao waliendelea na majina ya watakatifu, na Wycliffe hakuwa mtakatifu kwao. Ndiyo maana mzee wa Magharibi alikuwa akisikia jina tu anaweza kukisia mtu anasali wapi. Chrispinus na Bonaventure ni wa misheni ya Kikatoliki, Wycliffe na Livingstone ni wa misheni ile nyingine ng'ambo ya kilima. Siku hizi vijana wameoana na mipaka hiyo imechanganyika, lakini kwa wazee bado jina huwa ni kama kadi ya kanisa.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha makala haya. Wamishonari hao walileta jina la Wycliffe, lakini pia walileta kazi ya Wycliffe. Mmarekani Emory Rees, wa Marafiki, alifika mwaka 1904, akaketi na wenyeji, Joel Litu akiwa mstari wa mbele, wakaitafsiri Biblia kwa Kimaragoli. Agano Jipya lilitoka mwaka 1925, Biblia nzima mwaka 1951. Wajaluo walipata Agano Jipya lao mwaka 1926. Na kabla ya hao wote, kule Mombasa, Ludwig Krapf alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka 1844, mwaka ule ule aliofika.

Kwa mzee aliyezaliwa kabla ya shule kufika, kitabu cha kwanza alichokishika mkononi katika maisha yake kilikuwa katika lugha aliyonyonya kwa mamake. Hakikuwa cha Kiingereza. Akijifunza kusoma, alijifunza kwa Kimaragoli. Mwanawe alipozaliwa akaitwa Wycliffe, jina hilo halikuwa mlio mtupu wa kizungu. Lilikuwa jina la mtu aliyesema kwamba lugha ya mkulima inatosha kuandikwa kitabuni.

WALIOLIBEBA

Hapa nchini waliolibeba ni wengi, na wengine wanajulikana na taifa zima. Kiongozi tunayemwita Musalia Mudavadi, aliyeteuliwa Mkuu wa Mawaziri mwaka 2022, jina lake la kwanza ni Wycliffe, ingawa wananchi hulisahau. Gavana wa kwanza wa Kakamega, aliyeiongoza kaunti hiyo kuanzia 2013 hadi 2022, ni Wycliffe Oparanya. Jirani yake wa Bungoma, kuanzia 2017 hadi 2022, alikuwa Wycliffe Wangamati. Kwa hivyo kwa miaka mitano kaunti mbili zinazopakana ziliongozwa na akina Wycliffe wawili!

Wala si Waluhya pekee. Mwanariadha wetu aliyenyakua dhahabu ya mbio za mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018, na akairudia mwaka 2022, ni Wyclife Kinyamal, Mmaasai. Yeye huliandika kwa "f" moja.

Lakini kati ya wote, naona aliyelitendea jina hili haki kuliko wengi ni jirani yetu wa Uganda, Wycliffe Kiyingi, aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki 2017. Huyo alikuwa mmoja wa waasisi wa tamthilia ya kisasa nchini mwake, na michezo yake aliiandika kwa Kiganda, watu wakaisikiliza redioni na kuitazama jukwaani. Angeweza kuandika Kiingereza tu, kwa maana elimu alikuwa nayo. Akachagua lugha ya watu wake. Huyo alikuwa Wycliffe kwa jina na kwa tendo.

NENO JUU YA TAHAJIA

Kabla hatujafika mwisho, nina ushauri kwa wazazi. Waingereza hutamka jina hili "Wiklif". Sisi tumezoea "Waiklif", na sioni ubaya, kwa maana jina likihamia nyumba nyingine hujifunza lafudhi ya nyumba hiyo. Hata tahajia, mwenyewe wa kwanza aliishi enzi ambazo kila mwandishi aliandika alivyosikia, na jina lake limeandikwa Wyclif, Wiclif, Wycliffe, Wickliffe na kadhalika.

Lakini serikali haina uvumilivu wa karne ya 14! Mtoto akiandikwa Wycliffe katika cheti cha kuzaliwa, Wyclif katika cheti cha mtihani na Wicliffe katika kitambulisho, ataanza kukimbizana na wakili na hati za kiapo siku anayotafuta kazi au pasipoti. Chagueni tahajia moja siku ya kwanza, muiandike kwa herufi kubwa, na baba asimwachie karani akisie.

JE, LITUPWE?

Sasa tuwarudie wale wa kambi mbili. Wanaosema majina haya yatupwe wana hoja, na hoja yao haifai kudharauliwa. Ni kweli kwamba mtoto wa Kiafrika aliambiwa jina la babu yake halifai mbele ya Mungu. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alibatizwa James, na katika miaka ya 1970 akaliacha jina hilo. Alipotiwa kizuizini Kamiti kuanzia mwisho wa 1977 hadi 1978, aliandika riwaya yake kwa Kikuyu juu ya karatasi za msalani, ikachapishwa mwaka 1980.

Lakini ukiwatazama kwa makini, mwalimu wa Oxford na mfungwa wa Kamiti walikuwa wakisema neno moja. Wote wawili walikuwa wasomi waliojua lugha ya wakubwa vizuri kuliko wakubwa wenyewe. Wote wawili wakageuka wakaiandikia lugha ya mkulima, na wote wawili wakaandamwa na wenye mamlaka. Mmoja alilitupa jina la Kiingereza, mwingine ndiye mwenye jina la Kiingereza. Kwa hivyo ugomvi wetu si juu ya herufi zilizo katika cheti cha ubatizo. Ugomvi ni juu ya lugha iliyo kinywani mwa mtoto.

Na hapo ndipo ninapoogopa. Nenda katika mitaa yetu ya Nairobi uwatafute akina Wycliffe wadogo. Wangapi wanaweza kumwamkia nyanya yao kwa Kimaragoli, Kinyore, Kibukusu au Kitiriki bila ya kukwama? Mtoto anapelekwa mashambani Desemba, nyanya anamwambia neno, mtoto anamtazama babake amtafsirie. Jamani! Mtu aliyetetea lugha ya mkulima, mifupa yake ikafukuliwa kaburini, leo jina lake limevaliwa na mtoto anayehitaji mkalimani ili azungumze na nyanyake!

Sisi wazazi ndio wa kulaumiwa. Wengi wetu tulivikwa vibao shingoni shuleni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama, na aibu ile tumeibeba hadi sebuleni petu. Tunadhani tunamsaidia mtoto tukimpa Kiingereza peke yake. Waingereza wa mwaka 1380 nao waliambiwa kwamba Kiingereza hakina maneno ya kutosha kumzungumzia Mungu. Tazama leo kiko wapi. Hakuna lugha iliyozaliwa kubwa, zote hukuzwa na wenyewe.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imeitaka serikali iendeleze lugha za wenyeji. Shirika la BTL, lililoanzishwa hapa nchini mwaka 1981, limekuwa likitafsiri Maandiko pamoja na Wasabaoti, Wadigo na wengineo, na kuwafundisha watu kusoma lugha zao. Hayo ni mema, lakini serikali na mashirika hawalali nyumbani kwako. Wewe ndiwe unayelala huko.

Kwa hivyo, msomaji wangu, ikiwa una mwana aitwaye Wycliffe, usimbadilishe jina. Jina jema hung'aa gizani, na hili ni jema. Lakini usimpe jina ukamnyima maana yake. Jioni moja mkalishe umwambie kisa cha padri wa Lutterworth na mifupa yake. Umwambie kwa lugha ya nyanya yake. Na kama wewe mwenyewe hiyo lugha imekuponyoka, basi anzeni kujifunza pamoja, wewe na yeye, nyanya akiwa mwalimu wenu, maadamu bado yupo. Mwacha asili ni mtumwa, hata akiwa na jina la mkombozi.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.